Zimwi Malenga Kwenye Trei ya Buluu

Jumapili ile niliingia klabuni nikiwa na beti arobaini mfukoni na kiti kimoja cha kupoteza.

Kiti chenyewe ni cha plastiki, mguu mmoja mfupi, na ukikiegemea kinakubana paja. Kiko kwenye chumba cha nyuma cha klabu ya wazee wanaovingirisha matufe nyasini, hapa Burnie. Kila Jumapili mchana, wazee wakiwa nje na kofia zao nyeupe wakitukanana kwa upole, sisi tuko ndani tunacheza. Mchezo wetu hauna skrini. Una meza, dadu, karatasi, na nchi ya kubuni iitwayo Uwanda, ambako kila mmoja wetu ni mtu mwingine mwenye uzao wake na kazi yake: zimwi au jini au kibwengo, mwizi au kuhani au askari. Meza inatosha watu wanne. Wakikaa watano, mmoja anaweka chai yake sakafuni. Tulijaribu mara moja na mwenzetu Kel akaikanyaga.

Ndiyo maana kuna sheria. Mhusika wako akifa, una Jumapili tatu za kuleta mwingine anayekubalika. Ya tatu ikipita hujakubaliwa, kiti kinakwenda kwa anayesubiri.

Anayesubiri aliitwa Wade. Kwa miezi minane alikuwa anakuja kila Jumapili na kuketi juu ya kreti la maziwa karibu na mlango, dadu zake ndani ya soksi, bila kusema neno. Siku za kazi alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, mtu wa kushika bomba la mate. Alikuwa na adabu sana. Nilimchukia.

Nami nilikuwa kwenye Jumapili yangu ya tatu.

"Pybus," alisema Glenys bila kuinua macho. "Weka kwenye trei."

Glenys ndiye Mwamuzi wetu. Uwanda ni wake: yeye ndiye mvua, yeye ndiye mfalme, yeye ndiye kila adui tunayekutana naye. Ana miaka sitini na saba, na kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa matunda bandarini Devonport, akipekua mizigo ya wanaoshuka melini ili mtu asituletee nzi wa matunda kisiwani. Alipoondoka kazini alijipa zawadi ya trei ya buluu ya plastiki na mihuri miwili, mwekundu na wa kijani. Karatasi ya kila mhusika mpya hulazwa kwenye trei ile kama embe lililofichwa ndani ya buti. Wachezaji wote wana haki ya kupinga, ila anayepinga lazima asome ukurasa wa Kitabu.

Kitabu ni daftari nene la kahawia, na ndani yake mna kila kilicho kweli Uwandani. Nusu kaandika Glenys. Nusu nyingine imeandikwa na wafiwa. Mhusika akifa, mwenye mhusika huyo anaruhusiwa kuandika jambo moja Kitabuni, lolote lile, na jambo hilo linakuwa kweli milele. Tunaliita neno la marehemu. Halifutiki ila kwa neno la marehemu mwingine. Ndiyo maana farasi wote wa kaskazini wanaitwa Derek. Ndiyo maana hakuna mtu wa ukoo wa kifalme anayejua kuogelea, na Mto Mwekundu hautoi samaki Jumanne. Watu hufa wakiwa na hasira.

Mimi mwenyewe, askari wangu alipotumbukia bondeni wiki tatu nyuma kwa sababu kuhani wa Kel alikuwa anasali badala ya kushika kamba, niliandika hivi: miguu ya vibwengo wote inanuka maziwa yaliyolala. Kuhani wa Kel ni kibwengo. Kel ni dereva wa lori la maziwa. Nilijiona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Jumapili ya kwanza nilileta kibwengo mpanda farasi. Bronte, mwenzetu wa nne mezani, akafungua ukurasa wa tisa: kibwengo akiinua miguu yote miwili kutoka ardhini huzimia.

"Basi atapanda akiwa amezimia," nilisema.

Muhuri mwekundu.

Jumapili ya pili nilileta jini tabibu wa upasuaji. Kel akafungua ukurasa wa ishirini na mbili: chuma hupita katikati ya mikono ya majini kama moshi.

"Kisu kingemwangukia mgonjwa ndani, ndugu yangu," alisema kwa masikitiko ya kweli.

Muhuri mwekundu.

Sasa nikaweka karatasi ya tatu kwenye trei, nikasimama wima. Siyo karatasi tu. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima kwenye duka la rangi ninakofanya kazi, nikichanganya rangi za watu huku natunga kichwani, hadi mama mmoja akaenda nyumbani na ndoo mbili za zambarau badala ya rangi ya maziwa aliyoomba. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nimejifunza peke yangu, kwa kuhesabu mizani kwa vidole, na mtu akiniambia siwezi, damu inanichemka.

Glenys alivaa miwani. "Zimwi," alisoma. "Malenga."

"Zimwi malenga," nilisema. "Gumbaro wa Jabali Jeusi."

Bronte alicheka hadi chai ikamtokea puani. Yeye ni muuguzi, na mhusika wake ni jini mwizi, tangu zamani. "Pybus, mazimwi hula madaraja!"

"Hata malenga hula."

"Madaraja, bwana wee. Mawe na boriti. Ukurasa wa tatu."

"Nionyeshe panaposema mla mawe haimbi."

Glenys alitazama ukurasa wa tatu, akatikisa kichwa. "Hakuna. Endeleeni."

Kel alisogeza kiti mbele. Ni mtu mkubwa, mpole, na anakipenda Kitabu kuliko wengine wanavyopenda watoto wao. "Mimi sina ubaya na wewe, Pybus. Lakini tuwe wakweli. Tuanze na mdomo. Zimwi lina jino moja. Jaribu kusema 'tatu' bila meno."

Bronte alikunja midomo juu ya meno. "Hahu," alisema.

"Mnaona?"

"Babu yangu hana hata hilo moja," nilisema, "na kila Jumamosi anawatukana waamuzi wa mpira mtaa mzima unaelewa."

"Hoja imepita," alisema Glenys.

"Haya, akili," alisema Kel. "Ukurasa wa sita: mazimwi huhesabu hadi nne, basi. Mtu huyo atapangaje shairi?"

"Ubeti una mistari mingapi, Kel?"

Kel alianza kuhesabu kwa vidole.

"Minne," nilimsaidia. "Yaani ndiye kiumbe pekee wa Uwanda aliyeumbwa kwa kazi hii. Ninyi wengine mnaweza kupitiliza mkafika tano."

"Na mizani kumi na sita kwa mstari?" aliuliza Bronte. "Hiyo je?"

"Anahesabu nne, anapumzika, anaanza upya. Mara nne. Hata wewe hufanya hivyo ukipima mapigo ya moyo."

"Sifanyi hivyo!"

"Imepita," alisema Glenys. Sikuamini macho yangu: mkono wake ulikuwa umeusogelea muhuri wa kijani.

Kel hakukata tamaa. "Ya mwisho. Malenga hupata nguvu zake kwa wasikilizaji. Zimwi likitokea, watu hukimbia. Sasa atamsomea nani?"

"Mimi nilisoma mashairi maktaba ya mji mwezi wa nne," nilisema. "Watu walikimbia. Na bado ni malenga."

Wote watatu mezani walikuwapo siku ile, na wote watatu walikuwa wamekimbia.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikapanda juu ya kiti, nikajishika tumbo kama mtu aliyekula daraja, nikaghani ubeti wa kwanza kwa sauti ya Gumbaro:

*Mimi zimwi la mlima, jino moja mdomoni,*
*Nalala nikisimama, mawe matatu tumboni,*
*Moyoni nina huruma, ila ninyi hamuoni,*
*Nipeni nami kusema, msinifunge shimoni.*

Nje, mzee mmoja alipiga tufe, likagonga jingine. Bronte aliacha kucheka. Kutoka kwenye kreti la maziwa ilisikika sauti ya mtu anavuta kamasi. Nilipogeuka, Wade alikuwa anajifuta macho kwa soksi ya dadu.

"Samahani," alisema. "Hapo kwenye huruma."

Glenys alifungua kidau cha wino. Alishusha muhuri wa kijani taratibu, taratibu, ukabaki upana wa kidole kutoka kwenye karatasi.

"Subiri," alisema Kel.

Alikuwa amezama Kitabuni. Alikuwa anapekua kurasa za katikati, zile zilizoshikana kwa jamu, ambazo hakuna azifunguaye. Akasimamisha kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nywele ndani ya supu ya mwenyeji wake.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. "Neno la marehemu. Sikulikumbuka, naapa." Akasoma:

*Zimwi si mtu wa vina, wala halina usemi;*
*Likitunga hata jina, kinywa hujaa ulimi.*

Muhuri wa kijani ulirudi mezani.

Nilihisi moto unapanda kutoka kwenye soksi zangu. Kunyimwa kiti kwa sheria ni jambo moja. Kunyimwa kwa ushairi wa namna ile ni tusi.

"Nani kaandika takataka hii?" nilinguruma. "Nani? 'Hata jina'! Nani anatunga jina? Neno limesukumwa hapo kuziba tundu la kina, kama fundi mvivu anayeziba ukuta kwa magazeti kisha anapaka rangi juu! Huyu si malenga. Huyu ni mtu aliyemeza kamusi akatapika kurasa mbili! Yupo wapi? Alihama? Heri. Angekuwa humu ningemwambia usoni aweke kalamu chini akafuge kuku!"

Kel alitazama dari. Bronte alikuwa ameuma ngumi yake.

"Pybus," alisema Glenys polepole. "Hebu shuka kwenye kiti."

Nilishuka. Akageuza Kitabu upande wangu.

Wino ulikuwa wa kijani. Katika klabu nzima ni mtu mmoja tu anayeandika kwa wino wa kijani, kwa sababu dukani kwetu kalamu za kijani hazina mwenyewe. Chini ya ubeti palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu wa madaha, na tarehe ya miaka mitatu iliyopita.

Ikanirudia yote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mhusika wangu wa kwanza kabisa alikuwa jini malenga, na alikuwa katikati ya ubeti wa pili zimwi lilipotokea chini ya daraja likammeza, yeye na zeze lake. Nililia. Nikaomba kalamu. Nikaandika.

"Afuge kuku," alisema Bronte, na hapo akashindwa, akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika.

"Nilikuwa mdogo," nilisema.

"Ulitulazimisha tusimame ukilisoma," alisema Kel. "Sasa nakumbuka. Ulitaka tuvue kofia."

Glenys alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Saa kumi kamili wazee huingia kunywa chai, na chumba huwa chao. "Sheria unaijua, kijana. Neno la marehemu hufutwa na neno la marehemu. Unalo?"

Nilikuwa nalo. Wiki tatu nyuma nilikuwa nalo. Nikalitumia kwenye miguu ya vibwengo.

Nilimtazama Bronte. Jini wake akifa leo, angeweza kuandika jambo moja dogo tu.

"Usinitazame hivyo," alisema akiwa bado mezani. "Nimeiba taji juzi tu. Sifi."

Nilimtazama Kel, nikageuza macho haraka. Kuhani wake, Dunstan, ana miaka sita mezani. Ana mke. Ana mbuzi ishirini na anawajua kwa majina.

"Glenys, wewe ndiye mwenye nchi," nilisema. "Fumba macho mara moja tu."

"Kijana," alisema, "mimi nilimnyang'anya mjane ndizi yake ya mwisho mbele ya watoto wake, na alikuwa ameshaimenya. Usinijaribu."

Nyuma yangu kreti lililia. Wade alikuwa amesimama. Dadu ziligongana ndani ya soksi. "Naweza kusubiri tena," alisema. "Kweli. Nimezoea."

Ningependa kusema nilikuwa na hoja nyingine. Sikuwa nayo. Nilikuwa na kiti kinachobana mapaja, na ghafla nilijua kwamba wiki nzima, nikichanganya rangi za kuta za watu wengine, kiti kile ndicho ninachokingoja. Nikaokota karatasi zangu. Halafu nikaona siwezi kuondoka bila kusema kitu kimoja.

"Kel," nilisema. "Kuhusu ile miguu."

"Miguu gani?"

"Ya vibwengo. Ule ulikuwa upuuzi. Samahani."

Kel alipanga dadu zake kwa ukubwa, akazipangua. "Mke wa Dunstan amehamia chumba kingine," alisema.

"Najua."

"Wiki tatu sasa. Mbuzi nao wanalala huko huko kwa mkewe."

"Najua, Kel. Samahani sana."

Kel akavuta Kitabu karibu, akasoma tena ule ubeti wangu midomo ikichezacheza. Mwishowe akakohoa. "Glenys. Hapa hapasemi zimwi halitungi."

"Panasema si mtu wa vina."

"Si mtu, naam. Ni zimwi. Hilo tunalijua."

"Panasema halina usemi."

"Na ukurasa wa tano zimwi linamwambia mfalme, 'Nipe mbuzi.' Umeandika wewe mwenyewe. Kwa hiyo hapo ni kulitukana tu, si sheria." Alikuwa ameanza kutokwa jasho kwa furaha. "Sheria ni mstari wa pili. Likitunga, kinywa hujaa ulimi. *Likitunga*, Glenys! Maana yake linaweza. Halizuiwi. Linavimba ulimi, basi."

Glenys alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliijua sura ile. Ndiyo sura aliyoivaa siku alipotueleza kwamba kuna matunda yanayotupwa baharini, na kuna matunda yanayopita kwa masharti.

Macho yake yalitua katikati ya meza. Pale palikuwa na sahani ya lamingtoni alizooka Bronte, zile keki za mraba zilizochovywa chokoleti na kugaragazwa kwenye nazi. Zilikuwa kubwa. Bronte hapimi unga.

"Linapita," alisema Glenys, "kwa sharti. Kila mara Gumbaro atakapoghani, kinywa kitajaa. Lamingtoni moja, nzima. Hutafuni hadi ubeti uishe."

"Beti arobaini?" nilisema.

"Naweza kuoka zaidi," alisema Bronte.

"Hakuna atakayesikia hata neno!"

"Hilo," alisema Glenys, "lingemhusu yule aliyeandika ukurasa wa arobaini na moja."

Saa kumi kasoro dakika tatu. Nje wazee walikuwa wameanza kukusanya matufe. Niliwaza vina vyangu, kila kimoja kimepigwa msasa kwa wiki nzima, vikitoka mdomoni kama udongo. Nilitazama kiti. Nilichukua lamingtoni, nikaisukuma yote ndani, nazi ikanipanda puani, nikapanda juu ya kiti changu na kughani:

"*Imi imwi a uwima, ino mowa wowoni…*"

Kel alianguka mezani kwa kicheko. Bronte alikuwa anapiga sakafu kwa kiatu. Vipande vya chokoleti viliruka hadi kwenye Kitabu. Niliendelea hadi mwisho, macho yananitoka, mkono hewani, maana kama ni kuaibika, basi mizani itatimia.

Nilipofika tamati, sauti ndogo ikasema kutoka mlangoni: "*Mimi zimwi la mlima, jino moja mdomoni.*"

Tukageuka wote.

"Ndicho alichosema," alisema Wade. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Mimi hushinda na watu waliojazwa pamba mdomoni. Wananihadithia maisha yao yote. Huwa naelewa."

"Ubeti huo ulishausikia ulipoghaniwa kwanza," alisema Glenys kwa ukali wa bandarini. "Labda umekariri. Pybus, ubeti wa saba."

Nilijaza lamingtoni ya pili. Nikaghani ubeti wa saba, ambao hakuna kiumbe aliyewahi kuusikia. Wade aliinamisha kichwa kama anayeshika bomba la mate, kisha akautoa neno kwa neno, safi, hata pale nilipopaliwa na nazi alisema, "Hapo amepaliwa."

Glenys akachukua karatasi yangu, na chini ya *Zimwi malenga* akaandika: *na mkalimani wake*. Akapiga muhuri wa kijani.

"Viti ni vinne," alisema. "Zimwi na ulimi wake ni kiumbe kimoja. Mtagawana."

Wade alikuja na soksi yake. Nikasogea. Akakaa nusu ya kulia, mimi nusu ya kushoto, mguu mfupi ukalia, na kiti kikatubana sote wawili kwa pamoja.

"Haya, sasa tuanze vizuri," alisema Glenys wakati mlango unafunguliwa na wazee wanaingia na kofia zao. "Gumbaro anasimama langoni mwa mji. Walinzi wameinua mikuki. Anasemaje?"

Nikajaza lamingtoni ya tatu. Nikaghani ubeti wa kwanza, na Wade, bega lake likiwa limegandamana na langu, akawageukia wazee na walinzi na Uwanda nzima, akautoa kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"*Mimi zimwi la mlima, jino moja mdomoni, nalala nikisimama, mawe yalia tumboni…*"

Yalia. Mimi nilisema *matatu*. Nilimgeukia kwa ghadhabu, kidole juu, tayari kumwambia usoni kwamba beti zangu haziguswi na mshika bomba. Mzee mmoja mlangoni alikuwa amevua kofia yake nyeupe. Nikahesabu mizani kwa vidole chini ya meza: nane. Nikahesabu tena: nane.

Ilikuwa bora kuliko yangu. Na mdomo wangu ulikuwa umejaa.